Nyumba ya mama, mkopo wa mke: uchambuzi wa kisa kimoja cha Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimetoka katika kazi ya ushauri nasaha wa ndoa ninayoifanya hapa Nairobi. Wahusika wameridhia kiandikwe. Nimeondoa majina, kabila, kijiji na mwajiri, na kiasi cha pesa nimekisogeza kidogo bila kuharibu uwiano wake. Nitasema mke, mume, mama mkwe, na wifi, yaani dada mdogo wa mume.

Nimekichagua kwa sababu kinapinga maelezo tunayoyasikia kila mara, kwamba wazee wa kijijini hawaelewi kazi za siku hizi. Mama mkwe wa kisa hiki alielewa kila alichoelezwa. Ila kwa muda mrefu hakuelezwa, na aliyepaswa kumweleza ni mwanawe.

Usuli

Walifunga ndoa kanisani Desemba 2023, mahari ikiwa imekubaliwa na sehemu yake imelipwa. Mke alikuwa na miaka 28, mume 32. Walipanga nyumba ya vyumba viwili Eastlands kwa shilingi 22,000 kwa mwezi. Wifi alikuwa akisoma chuo mjini, na kabla ndoa haijamaliza miezi miwili akahamia kwao. Mke hakuulizwa. Kusema kweli hakuna aliyeona kwamba kuna la kuuliza: mume ni kifungua mimba, na nyumba ya kifungua mimba mjini huhesabiwa kuwa nyumba ya wadogo zake.

Mke alikuwa msanifu michoro katika kampuni ya uchapishaji upande wa River Road, kazi aliyoishika tangu amalize diploma: mabango, kalenda, vitabu vya risiti, kadi za harusi, na vile vijitabu vya mazishi ambavyo familia huvitaka usiku wa kuamkia maziko. Mshahara ulikuwa 48,000. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 kampuni ilivuna, kwa kuwa kila mgombea alitaka uso wake ukutani. Baada ya hapo kazi ikapungua na haikurudi. Wateja wa kadi walianza kujichorea wenyewe kwenye simu kwa programu ya Canva, wakija dukani kuchapisha tu. Mke aliona mapema kwamba atakayebaki na riziki pale ni mwenye mashine, na mchoraji atakuwa wa mwisho kuitwa.

Akataka kuhamia usanifu wa programu za simu na tovuti: kupanga kurasa, vitufe na hatua ambazo mtu hupitia anapotuma pesa au kuagiza bidhaa. Katikati ya 2024 alijiunga na kozi ya jioni ya mtandaoni na kuanza kujifunza Figma, programu ya kusanifia kurasa hizo, baada ya miaka ya kushinda kwenye CorelDRAW, programu ya michoro ya kuchapishwa.

Mume ni mhasibu. Mshahara wake kabla ya makato ulikuwa 85,000. Machi 2024 ilianza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu chini ya sheria mpya, na Oktoba mwaka huohuo asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii. Mwaka 2025, baada ya kuongeza makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kodi ya mapato, mkononi zilifika karibu 61,500. Nayataja makato haya kwa sababu kule nyumbani kwao ile 85,000 ndiyo iliyojulikana.

Jambo la mwisho la usuli ndilo zito kuliko yote. Kabla ya harusi mume alikuwa amemwahidi mama yake nyumba ya mawe. Miezi michache baada ya ndoa, mke alichukua mkopo wa 300,000 kutoka Sacco ya kazini kwake, yaani chama cha akiba na mikopo, akidhaminiwa na wenzake watatu, wa kulipwa kwa miaka mitatu kwa karibu 10,000 kila mwezi. Kuta zikapanda. Mume alipeleka pesa, akasimamia fundi, akapokea baraka za mama yake, na hakusema zilikotoka.

Mambo yalivyofuatana

Januari 2025 mke alitoa notisi ya mwezi mmoja na kuacha kazi, akiwa na akiba ya 180,000. Hesabu yake ilikuwa kwamba akiba hiyo itabeba mkopo na sehemu yake ya matumizi kwa miezi sita hivi. Walikuwa wamelizungumza usiku mmoja, mume akasema, "Jaribu, tutaangalia." Hawakuweka tarehe ya mwisho, wala hawakusema nini kitakatwa pesa zikipungua.

Mama alipopiga simu na kuuliza mbona mkaza mwana yuko nyumbani siku ya kazi, mume alijibu, "Yuko likizo." Wiki zikapita na likizo haikuisha. Kisha pesa alizokuwa akimtumia mama zikashuka kutoka 15,000 hadi 6,000, na maelezo yakawa, "Kazini kumekuwa kugumu." Kila jibu, ukilisikia peke yake, linaonekana dogo na la huruma, la kumwepusha mama na wasiwasi. Yakikusanywa pamoja yalimpa mama picha moja tu: mwanawe anateseka kazini, na mwanamke aliyeolewa kwa mahari anapumzika.

Wifi aliikamilisha picha hiyo. Alikuwa akipigia nyumbani jioni na kusimulia alichokiona, bila kutunga neno: wifi yake anashinda mezani na kompyuta, amevaa leso, wakati mwingine anacheka na watu kwenye kompyuta hiyo. Lile lilikuwa darasa na kazi za vikundi. Kwa mtu anayepita kwenda jikoni lilionekana kuwa starehe.

Machi mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na alihitaji mtu wa kumtilia dawa. Mume alimwambia mkewe, "Si uko tu nyumbani, nenda ukae na mama." Akaenda, akakaa wiki mbili, akamhudumia vizuri. Lakini wiki hizo alikuwa amepewa jaribio la kazi na kampuni moja, la kusanifu kurasa kadhaa ndani ya siku tano. Mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha, na mchana hakuwa na saa mbili za kukaa. Jaribio halikukamilika, na kampuni haikumpa muda zaidi. Hakumwambia mama mkwe. Kwa mumewe alisema mara moja tu, akajibiwa kwamba kazi zitakuja nyingine.

Hata bila hilo, utafutaji wake ulikuwa ukikwama. Kazi kubwa kwenye potifolio yake, yaani mkusanyo wa kazi anazowaonyesha waajiri, ilikuwa programu ya benki moja aliyoichora upya kwa ajili ya kozi. Ilipendeza macho. Kwenye mahojiano aliulizwa swali lilelile kwa namna tofauti: ulijuaje kwamba wateja wa benki hiyo wana shida hii? Hakuwa na jibu, maana hakuwa amemuuliza hata mteja mmoja.

Pasaka walikwenda kijijini. Baada ya chakula, mbele ya shangazi na majirani, mama mkwe alitazama kuta zisizo na bati akasema, "Mwanangu anavuta peke yake. Hii nyumba ingekuwa imeezekwa kama angekuwa na mwenza wa kuvuta naye." Watu waliinamisha vichwa. Mume alisikia. Alinyanyuka, akaenda kuangalia gari.

Usiku ule mke aliweka picha ya taarifa ya mkopo wa Sacco kwenye kundi la WhatsApp la familia ya mumewe, jina lake juu na salio chini, na mstari mmoja: "Mama, hizi kuta ni mimi." Kufikia alfajiri wajomba walioko ughaibuni walikuwa wameisoma. Mume alimkasirikia kwa kumvua nguo mbele ya ukoo. Waliporudi Nairobi mke alihamia kwa dada yake Kasarani.

Maamuzi na sababu zake

Walifika kwangu Mei, wakiletwa na wasimamizi wao wa harusi. Familia ya mume ilikuwa tayari inaitisha kikao kikubwa cha wazee. Niliwashauri wakiahirishe, na walikubali. Kikao cha ukoo ni chombo chema pale mume na mke wanapokuja na neno moja. Hawa walikuwa na maneno mawili, na wazee wangeishia kuamua nani mkosaji, wakati shida hasa ilikuwa bajeti ambayo hakuna aliyeiona yote.

Kwanza walikaa wawili na karatasi: hati ya mshahara wa mume, taarifa ya Sacco, karo ya wifi, kodi ya nyumba, na pesa zinazokwenda kijijini. Kumbe kila mmoja alikuwa na nusu ya hesabu. Mume hakujua kwamba akiba ya mkewe ilikuwa imebaki ya miezi miwili, wala kwamba malipo yakikwama Sacco itawafuata wadhamini, wale wenzake watatu wa River Road. Mke naye hakujua kwamba mume alikopa kwenye simu mara mbili ili asipunguze zaidi za mama.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu kwa mume na nilikaa nao kwa muda. Mtu wa kumweleza mama alikuwa yeye, ana kwa ana, bila mkewe na bila mjumbe. Alipendekeza shangazi aende badala yake. Nilikataa kwa sababu moja: aliyesema "yuko likizo" ndiye pekee anayeweza kuliondoa neno hilo. Likitoka kwa shangazi, mama angeamini kwamba mke amemtuma. Likitoka kwa mke, lingekuwa ugomvi wa wanawake wawili juu ya mwanamume mmoja, na ugomvi huo bibi harusi huwa haushindi hata akiwa na haki.

Akaenda Jumamosi moja na karatasi zote mbili, ya mshahara na ya mkopo. Kuna washauri wasiopenda mwana amwonyeshe mzazi hati ya mshahara, wakisema ni kufungua mlango usiofungika tena. Hofu yao naielewa. Hapa nilikubaliana na mume alipojitolea kuipeleka, kwa kuwa mama alikuwa amehesabu maisha yake yote juu ya 85,000 ambazo hazikuwahi kufika mfukoni mwa mwanawe.

Mke aliamua kuomba msamaha kwa namna alivyoitoa taarifa, na kutoomba msamaha kwa taarifa yenyewe. Aliandika maneno hayo mwenyewe na kuyasema kwa simu: "Mama, nilikosea kuliweka mbele ya watu. Ilitakiwa nikuambie nikiwa nimeketi nawe." Hakuongeza "lakini". Wapo waliomshauri avumilie na kuomba msamaha wa kila kitu ili amani irudi. Ushauri huo wa kumwambia bibi harusi avumilie huua ndoa polepole, na nafurahi kwamba hakuufuata.

Kuhusu kazi, waliweka tarehe: mwisho wa Septemba. Kama hakutakuwa na mkataba, mke angerudi kwenye uchapishaji kwa muda wote na kuendelea na masomo jioni. Pesa za mama zilipangwa ziwe 7,000, zisizobadilika, na mume akamwambia mama kiasi hicho na muda wake. Mke alikwenda kwa mwajiri wake wa zamani akapata kazi ya siku mbili kwa juma, ambayo ilitosha kulipa mkopo. Siku nyingine tatu, sasa akiwa amerudi kwa mumewe, alitoka nyumbani asubuhi na kwenda maktaba ya umma ya Makadara. Mezani nyumbani alikuwa akikatizwa na kila anayebisha hodi, na hakuna aliyeamini kwamba yuko kazini. Alipoanza kuondoka saa mbili na kurudi saa kumi na moja, hata wifi alianza kumpa pole ya kazi.

Zile siku mbili za River Road zilizaa kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekipanga. Katika uchapishaji kosa la jina au tarehe ni hasara, kwa kuwa likishachapwa limechapwa, na ugomvi wa nani alipe karatasi ni wa kila juma. Mteja hutumiwa nakala ya majaribio kwa WhatsApp, hujibu "sawa" bila kuikuza picha, kisha siku ya msiba jina la marehemu linaonekana limekosewa. Mke alisanifu ukurasa unaomlazimu mteja kuligusa kila jina, tarehe na nambari ya simu, kimoja kimoja, na kukithibitisha kabla ya kazi kwenda mashineni. Aliujaribisha na wateja watano waliokuja kaunta. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliwahi kuandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro, na ile kozi ya jioni ilikuwa imemfundisha mke hivyo. Mmoja wa wateja hao, mzee mwenye simu iliyopunguzwa mwangaza kuhifadhi chaji, hakukiona kabisa kitufe cha kijivu cha kuthibitisha. Mke alibadili rangi na maneno, akaandika kwa nini, akaliweka lote kwenye potifolio mahali pa ile benki.

Matokeo

Septemba mwanzoni alipata mkataba wa miezi sita na kampuni inayotengeneza programu za wenye maduka, kwa 65,000 kwa mwezi. Analipwa kama mtoa huduma, hivyo asilimia 5 hushikwa kama kodi ya zuio. Mwezi wa kwanza alidhani amepunjwa, mpaka mumewe akamwonyesha cheti cha kodi hiyo kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Mkopo unalipwa.

Mama mkwe alipopokea zile karatasi alikaa kimya, akauliza swali moja: "Kwa nini ulinifanya nimtukane?" Mume hakuwa na jibu. Mama alipiga simu kwa mkaza mwana siku iliyofuata, wakazungumza kwa ufupi. Hajaomba msamaha mbele ya wale walioyasikia ya Pasaka, na sidhani ataomba. Alikuja Nairobi kliniki ya macho akalala kwao siku nne, heshima ikiwapo pande zote. Upendo bado.

Wifi amehamia hosteli ya chuo. Haongei na mke.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vingine ni mume kubeba neno kwa mama yake. Nimeshughulikia migogoro mingi ya wakwe ambapo mkwe na mkaza mwana wanapatanishwa huku yule anayewaunganisha ameketi pembeni kama shahidi. Hapa mambo yalianza kutulia siku aliyotoka pembeni. Angalia swali la mama: halikuhusu pesa wala kompyuta. Alikasirika kwa kufanywa mtu mbaya bila kujua. Mwana aliyeficha kwa nia ya kumlinda mama ndiye aliyempokonya nafasi ya kuwa mama mkwe mwema.

Kuhusu kubadili kazi, uamuzi wa kuhama uchapishaji ulikuwa sahihi na ningeuunga mkono tena. Kilichokosekana ni tarehe. Mtu aliyeacha mshahara na hana tarehe, machoni pa familia, amefukuzwa au amechoka. Tarehe ya Septemba ilimpa mume kitu cha kusema akiulizwa, na ilimtuliza mke pia, kwa kuwa kila simu kutoka kijijini iliacha kuwa hukumu. Kwa upande wa ufundi, miezi minne ya mwanzo alikuwa anauficha uchapishaji kana kwamba ni aibu, na hakuna mwajiri aliyevutiwa. Wenye kampuni walimtaka pale alipoonyesha kwamba anajua gharama ya kosa moja la herufi. Wachapishaji wanaohamia programu wana maarifa haya tayari: mpangilio wa maandishi, kipi kionekane kwanza, nini mteja husahau kusoma. Wanachopaswa kuongeza ni kuwatazama watu wakitumia kazi yao na kukubali kuibadili.

Ile picha ya WhatsApp ilisema kweli na iliharibu. Bila hiyo huenda ukweli ungekaa chini miaka mingine, nakubali. Ila ilimfanya mume ajitetee heshima yake kwanza, na majuma yale ya Kasarani yangeweza kuwa mwisho wa ndoa. Kama mke angemwekea mume muda, kwamba mwambie mama kabla ya Jumapili au nitamwambia mimi nikiwa nimeketi naye, ukweli uleule ungefika bila ukoo mzima kuusoma kitandani.

Suala la wifi halikushughulikiwa, na hilo ni pengo la kazi yote hii. Aligeuzwa kuwa macho ya mama ndani ya nyumba bila kuombwa, kisha akaachwa abebe lawama ya umbea wakati alisimulia alichokiona. Hakuna aliyemweleza kazi ya wifi yake ni ipi, wala aliyemuuliza kuishi pale kulikuwaje. Mazungumzo hayo ni ya kaka yake kuyaanzisha.

Limebaki la nyumba. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango wa mke, wa pesa na usio wa pesa, ukiwemo wa kazi za nyumbani na kulea watoto. Lakini kuta zile zimesimama kwenye shamba lenye hati ya jina la baba mkwe, na shamba hilo si mali ya hawa wawili. Mkopo ni wa mke kwa maandishi, na nyumba haina karatasi hata moja inayomtaja. Niliwaomba wakusanye risiti za fundi na saruji pamoja na taarifa ya Sacco, waende kwa wakili, na waandikiane na wazee kabla ya kununua bati. Risiti wamezikusanya. Kwa wakili hawajakwenda, kwa kuwa mume anaogopa baba yake ataona ni dalili ya talaka, na kikao chetu kijacho ni cha kupanga namna ya kumweleza baba.